Hapa ni Makazi Tu

Mkataba wa upangaji wa jumba lile ulikuwa na sharti moja lililopigwa mstari kwa wino mwekundu: ni marufuku kufanya biashara ya aina yoyote vyumbani. Na jumba zima, kuanzia chini hadi paani, lilikuwa limejaa biashara. Ghorofa ya kwanza Kinyozi alinyoa watu jikoni kwake, kati ya jiko na ndoo ya maji. Ghorofa ya tatu Mwalimu alifundisha hesabu chumbani, wanafunzi wamebanana kitandani na ubao umeegemezwa kabatini. Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, mke wa Katibu alishona nguo. Alishona tangu kunakucha mpaka macho yakatae, na aliyetaka kuona ustadi wake hakuwa na haja ya kubisha hodi. Ilitosha asimame barabarani awatazame wapita njia.

Mwenye jumba, mzee mkali asiye na masihara na mali yake, alipenda kuja bila taarifa. Wapangaji nao walikuwa na mpango wao. Mama mmoja wa chumba cha karibu na lango, waliyemwita Mama Kengele, akimwona tu mzee anashuka garini, alichukua upawa na kuligonga bomba la maji lililopanda mpaka ghorofa ya juu. Bomba likalia jumba zima. Kabla mzee hajafika ngazi ya kwanza, kioo cha Kinyozi kilikuwa kimegeuzwa ukutani, wanafunzi wa Mwalimu wamekuwa wapwa zake waliokuja kumjulia hali, na cherehani ya ghorofa ya pili imefunikwa kitambaa cha meza na kuwekewa maua ya plastiki. Mzee alipanda, akakagua, akashuka. Alichowahi kulalamikia ni bomba tu, ambalo mafundi wake walilifungua na kulifunga mara nyingi bila kuona ubovu wake.

Katibu ndiye aliyekuwa akimpokea mzee na kumtembeza. Hakuwa katibu wa ofisi yoyote. Alikuwa karani wa posta aliyestaafu, na wapangaji walimchagua kuwa katibu wao kwa sababu alipenda kusimama na kusema kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani. Hata akiombwa chumvi, alianza kwa kuwashukuru waliohudhuria. Kwa kweli alikuwa mtu mwema, msafi, mwenye shati lililonyooka siku zote, ila lilikuwepo jambo moja ambalo hakupenda liguswe. Pensheni yake ilikuwa inakata roho kabla mwezi haujafika katikati, na tangu astaafu, kila kilichopikwa nyumbani kwake kilipita kwanza chini ya sindano ya mkewe. Jumba zima lililijua hilo. Yeye aliliita mchezo wa mkewe wa kupoteza muda.

Basi mzee mwenye jumba akaugua, daktari akamkataza kupanda ngazi, na jumba likawa mikononi mwa binti yake, msanifu wa majengo kwa kusomea na kwa kupenda. Asubuhi moja akaja na gari la baba yake, penseli sikioni na tepu ya kupimia mkononi. Mama Kengele aliliona gari, hakungoja kuona nani anashuka. Bomba likalia.

Katibu alimpokea mlangoni kwake, akiwa amejaa tabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu, marahaba. Karibu sana. Kwa niaba ya wapangaji wote, tunakupa pole kwa kuuguza na tunakukaribisha katika jumba lako."

"Asante. Sitakupotezea muda. Nataka kulitengeneza upya jumba hili, lakini kabla sijachora chochote nataka kujua watu wanaishije humu. Nani anafanya nini, chumba gani, wakati gani. Nisije nikachora jumba la watu wengine."

Maneno yalikuwa mazuri, na Katibu aliyaogopa kwa sababu hiyo hiyo. Huyu ni mtoto wa baba yake, alijiambia. Baba anakuja na ukali, binti anakuja na asali, wote wanatafuta cherehani.

"Hapa ni makazi tu," alisema. "Watu wanakula, wanalala, wanamshukuru Mungu."

"Hakuna anayefanya kazi nyumbani? Kushona, kusuka, kufundisha watoto?"

"Hakuna."

"Hata mmoja, mzee? Mimi ningefurahi kama wangekuwepo."

"Binti yangu, mkataba tunao na tumeusoma."

Msanifu akatazama sebule. Iliwaka kwa usafi. Kwenye kona kulikuwa na meza ndogo yenye kitambaa na maua ya plastiki, na chini ya meza hiyo, kwa aliyependa kuangalia, kulikuwa na kikanyagio cha chuma. Hakuangalia. Alikuwa anatazama suruali ya Katibu.

"Una uzi mwekundu hapo gotini."

"Ah, huo. Ni wa shuka." Katibu aliutoa na kuutia mfukoni kana kwamba ni sarafu.

"Na mama, yeye anafanya kazi gani?"

"Mke wangu? Hana kazi. Yupo tu nyumbani."

Nyuma ya mlango wa chumbani, mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja mmoja mnene aliyevaa gauni lililoshikizwa kwa pini kuanzia kwapani hadi kifundoni. Mteja hakuweza kukaa, na kwa ajili ya pini za kiunoni hakuthubutu hata kupumua vizuri. Mke wa Katibu alilisikia neno hilo barabara. Lakini kinywani alikuwa amebana pini nyingine nyingi kwa midomo, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya mumewe siku ile.

Msanifu aliondoka akiwa ameandika neno moja tu kwa kila mlango: makazi. Katibu alipofunga mlango alijiona mshindi.

"Umemsikia nilivyomjibu?" alimwambia mkewe, alipotoka chumbani.

"Nimekusikia," mkewe alisema, na akaendelea kuondoa maua ya plastiki.

*

Mvua zikanyesha, zikakatika. Jumapili moja wapangaji waliitwa uani, na hapo juu ya meza wakaliona jumba lao limesimama, dogo, jeupe, la kadibodi. Watu waliinama, kila mmoja akatafuta dirisha lake. Mwalimu alilipata lake akafurahi kama amepewa tena nyumba ile ile.

Msanifu alikuwa na furaha ya mtu aliyekesha na kazi anayoipenda. Aliwaonyesha kwa penseli. Ghorofa ya chini, alisema, kuta za mbele zitafunguliwa, kuwe na maduka na vyumba vya mafundi vinavyotazama barabara. Ghorofa ya kwanza iwe ya ofisi ndogo na darasa moja. Ghorofa mbili za juu ziwe za kuishi, na paa liwe na bustani, viti na kamba za kuanikia nguo. Mtu aweze kuamka juu na kufanya kazi chini, na jioni apande kulala. Wapangaji wote watabaki, kodi haitapanda. Ila kuanzia sasa kazi na mashine vitakuwa katika vyumba vya chini tu. Juu ni kulala. Waya za umeme zitakuwa mpya na kila mlango utakuwa na mita yake, kwa hiyo hakuna atakayeweza kujificha, ingawa kwa kweli, alisema akicheka, hapa hakuna wa kujificha.

"Vyumba vya chini nilitamani viende kwa watu wa humu humu, kwa kodi nafuu ya humu humu," aliendelea. "Ndiyo maana nilipita mlango kwa mlango kuuliza. Lakini Katibu alinieleza wazi kwamba hapa ni makazi tu. Basi nimeheshimu. Nimevitangaza kwa watu wa nje, na wameshaanza kuja."

Kinyozi, ambaye mkasi ulikuwa umechungulia kwenye mfuko wa shati lake, aliusukuma ndani kwa kidole. Macho yote yakamgeukia Katibu. Na Katibu akafanya jambo pekee ambalo miguu yake ilikuwa imezoea kulifanya watu wakimtazama. Alisimama akatoa neno la shukrani. Alishukuru kwa kadibodi, akashukuru kwa bustani, akamwombea afya mzee mwenye jumba, na kadiri alivyozidi kushukuru ndivyo Kinyozi alivyozidi kuuma meno.

Mkewe hakumsikiliza. Alikuwa ameinama mbele ya jumba la kadibodi, uso kwa uso na chumba kimoja cha chini. Kilikuwa na dirisha pana lililokula karibu ukuta mzima, na ndani yake kulisimama kijimtu cha karatasi, mikono chini.

"Na huyu ni nani?" aliuliza.

"Huyo? Ni mtu yeyote tu, mama," Msanifu alimjibu. "Nimemweka ili ukubwa wa chumba uonekane."

Mke wa Katibu aligusa dirisha lile kwa ncha ya kidole, kidole kilichojaa matundu madogo ya sindano, kisha akanyanyuka akapanda zake ngazi.

*

Jioni ile mlango wa Katibu haukupumzika.

"Umetuzika, Katibu," alisema Kinyozi. "Umetuzika na udongo umetutilia mwenyewe."

"Na wewe si uligeuza kioo?"

"Niligeuza kioo. Sikumwambia mtu kwamba sina kazi. Aliponijia mimi akauliza, nikamwambia kamuulize Katibu."

"Hata mimi nilimwambia hivyo," alisema Mwalimu, kwa unyonge.

"Basi nendeni kesho mkamwambie ukweli wenu."

Hapo wote wawili wakatazama viatu vyao. Kwenda peke yako kumwambia binti wa mwenye jumba kwamba umevunja mkataba wa baba yake tangu binti mwenyewe akiwa na sare ya shule, hilo lilikuwa jambo jingine. Angeweza kukutoa wewe, akawabakisha wengine. Walikubaliana kwamba msemaji wao ni Katibu, na kwamba aliyewaingiza ndiye atakayewatoa. Katibu akaahidi kulishughulikia kwa hekima. Neno hilo hekima lilimtia mkewe wasiwasi kuliko yote.

Walipobaki wenyewe, yeye, mkewe na binti yao anayefanya kazi katika duka la dawa, cherehani ilikuwa haijafunuliwa.

"Nikiacha kushona," mkewe alisema, "hatufiki miezi miwili humu ndani. Kodi haijapanda, sawa. Lakini hata hii isiyopanda, nani anailipa?"

"Tunailipa," alisema Katibu.

Binti yao akakohoa.

"Una kikohozi?"

"Sina, Baba. Nilikuwa nangoja uendelee. Tunailipa nani?"

"Usimseme baba yako," mama yake alimkatiza, lakini bila nguvu, kama mtu anayefukuza nzi asiye na haja naye. Kisha akamgeukia mumewe. "Kesho nenda kamwambie yule binti hivi: mke wangu ni fundi cherehani, anahitaji chumba. Basi. Usianze na salamu za mgonjwa."

"Nitamwambia."

"Mume wangu, niahidi."

"Nimekuahidi," alisema Katibu, na alikuwa anasema kweli, kwa usiku ule.

*

Msanifu alikuwa amejitengea ofisi ya muda katika stoo ya chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mrefu ilimbidi aongee akiwa ameinamisha kichwa. Katibu aliingia akiwa amepiga moyo konde. Tai alikuwa amefunga. Maneno alikuwa nayo tayari: mke wangu ni fundi cherehani. Yalikuwa matano tu. Ajabu ni kwamba alipofungua kinywa, yalijipanga upya.

"Binti yangu, nimekuja kuhusu vile vyumba. Nina mtu."

"Mtu wa nje?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Msanifu alikuwa amemtazama kwa upole, penseli imetulia. Lakini Katibu aliona mbele yake mtu aliyemwambia kwa uso mkavu kwamba hapa ni makazi tu, akaona mtu huyo huyo akikiri kwamba ni mwongo, na juu ya uongo, kwamba analishwa na mwanamke ambaye amesema hana kazi.

"Yupo yupo hapa karibu," alisema. "Ni fundi cherehani. Mwanamke. Ana mkono mzuri sana. Hili shati nililovaa ni kazi yake."

Msanifu alishika upindo wa mkono wa shati, akaugeuza ndani nje. "Ni kazi safi. Ana wateja?"

"Hao hawahesabiki."

"Anafanyia wapi kazi sasa hivi?"

"Kwa kweli anabanwa. Hana mahali pa maana."

"Na wewe unamjuaje?"

"Tunafahamiana," alisema Katibu.

Msanifu aliandika. Alieleza kwamba mtu wa nje atalipa kodi ya nje, tena ipo foleni. Chumba cha dirisha pana kinatakiwa na muuza simu ambaye atasaini wiki hii. Lakini huyo mama aje tu mwenyewe siku ya kugawa vyumba, ajieleze kama wengine. Katibu alishukuru, akatoka kinyumenyume, akagonga kichwa kwenye ngazi.

Nyumbani alijitahidi kulisimulia jambo hilo lionekane ni ushindi wa nusu. Mkewe alimsikiliza akiwa anapinda upindo wa suruali ya mtu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Alikuuliza unanijuaje."

"Ndiyo."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia... nilimwambia tunafahamiana."

Binti yao, aliyekuwa amebeba sahani, aliziweka chini polepole na kwenda jikoni. Mtu akabisha hodi. Alikuwa Mwalimu, amekuja kutafuta habari, akauliza kama Katibu yupo.

"Yupo mtu mmoja hapa," mke wa Katibu alimjibu. "Tunafahamiana."

Mwalimu aliangalia nyuso mbili zile, akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni, akarudi juu. Mlango ulipofungwa, hakukuwa na mzaha tena. Mkewe aliweka suruali pembeni, akakunja mikono.

"Yule mzee nilimficha kazi yangu kwa kuogopa tusifukuzwe," alisema. "Hilo sikulionea uchungu. Ni mwenye jumba, na sisi ni wapangaji. Lakini wewe, Katibu, wewe unanificha kwa kuogopa nini?"

Aliposema Katibu badala ya mume wangu, ilimchoma.

"Kama ungekuwa umesema sijui kushona, ningecheka," mkewe aliendelea. "Lakini kusema sina kazi. Mgongo huu, macho haya. Sina kazi." Akasimama, akakivuta kile kitambaa cha meza, akaifunika cherehani, ingawa hakuna bomba lililolia na hakuna mtu aliyekuwa anapanda ngazi.

Hakuishona suruali ile, wala nyingine yoyote, mpaka siku ya kugawa vyumba. Wateja walikuja wakaambiwa fundi hayupo. Katibu alikaa sebuleni na ukimya, na akagundua kwamba kwa miaka yote alikuwa hajawahi kuusikia. Kila alipokuwa amesoma gazeti, amelala mchana, ametunga hotuba, ile sauti ya kikanyagio ilikuwa inaenda chini yake. Aliona haya, si ile haya ya mbele za watu, bali nyingine iliyokaa ndani na haikutaka hotuba.

*

Siku yenyewe ua ulijaa. Wapangaji walikaa upande mmoja, waombaji wa nje upande wa pili na mikoba yao. Muuza simu alikuwepo, amenyoa vizuri, na Kinyozi alimtazama kichwani akatafuta kasoro. Alikuwepo na mwenye mgahawa wa kahawa, mama mchangamfu aliyekuja na thermosi ili watu waonje. Kila mmoja alisimama, akaeleza kazi yake, akaketi. Msanifu aliita mara moja yule mama fundi cherehani wa nje. Hakuna aliyesimama. Mke wa Katibu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imetulia mapajani, anatazama mbele.

"Basi kama hakuna mwingine," alisema Msanifu, "tumalize. Katibu, utatufungia?"

Katibu alisimama. Watu walijiandaa kuchoka.

"Binti yetu msanifu, ndugu wapangaji, wageni waalikwa," alianza. "Kwa niaba ya kamati, na kwa niaba yangu binafsi..." Akapotea. Alikuwa amemtupia jicho mkewe, na alichokiona ni mikono yake. Hakukumbuka ni lini aliiona mikono ile ikiwa mitupu. Ilikuwa haijui ikae vipi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinasugua cha shahada, kinasugua, kama kinachotafuta uzi.

"Nilikudanganya, mwanangu," alisema.

Msanifu aliinua uso.

"Uliniuliza kama kuna anayefanya kazi humu ndani, nikakwambia hakuna. Ukaniuliza tena, nikakwambia hakuna. Yule fundi niliyekuja kumwombea chumba ni mke wangu. Ndiye yule pale. Si mtu wa nje. Anashona ghorofa ya pili tangu wewe ukiwa mtoto."

"Nilikuuliza mara mbili, mzee," Msanifu alisema taratibu, na sasa alifanana na baba yake.

"Mara mbili."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema mkataba. Wapangaji wote walikuwa wamemtolea macho wakimwombea aseme mkataba, na lingekuwa jibu zuri, lisilo na mwenyewe.

"Mkataba tuliuogopa," alisema Katibu. "Lakini mimi nilikuwa na langu. Tangu nistaafu, mke wangu ndiye anayenilisha. Anayelipa kodi ni yeye, aliyemsomesha mtoto wetu mpaka mwisho ni yeye. Hata hili shati. Na mimi niliona haya kulisema hilo, nikaona ni nafuu kusema hana kazi." Alitafuta neno la kufungia, hakulipata, akaketi. Ilikuwa hotuba yake fupi kuliko zote.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Kengele alipenga kamasi. Kisha Kinyozi alisimama, akatoa mkasi mfukoni, akauweka juu ya meza karibu na jumba la kadibodi kama anayesalimisha silaha. Mwalimu naye akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wale hawakuwa wapwa zake.

"Wote?" Msanifu aliuliza.

"Mmoja ni mpwa."

"Na bomba? Baba alitaka kubomoa ukuta mzima kwa ajili ya lile bomba."

Mama Kengele akanyoosha mkono juu, nusu. Msanifu alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda kwa watu kujua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka. Wapangaji wakacheka naye kwa tahadhari, kama watu wanaoonja chai ya moto.

Lakini alipopangusa macho alikuwa na sura ya kazi. "Darasa la ghorofa ya kwanza bado liko wazi, Mwalimu, ni lako. Kinyozi tutakubana hapa chini ya ngazi, kwenye ofisi yangu. Mama," akamgeukia mke wa Katibu, "chumba cha dirisha pana kimeshasainiwa. Siwezi kumvunjia mtu mkataba. Kimebaki cha nyuma kinachotazama ua, kwa kodi ya humu ndani. Ni kidogo, na jua lake ni la asubuhi tu. Ningejua mapema..." Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Katibu aliinamisha kichwa.

"Nitakichukua," alisema mkewe.

"Basi niambie unahitaji nini ndani yake."

Swali hilo mke wa Katibu hakuwahi kuulizwa. Sasa akaanza. Meza ya kukatia ifike hapa, kiunoni, si chini ya hapa, mgongo unakufa. Pasi iwe na soketi yake. Pawe na pazia la mtu kujaribia nguo, na kioo kirefu, tena mteja aweze kukaa. Taa itoke kushoto. Rafu ziwe nyembamba na nyingi, vitambaa visilaliane. Dirisha la ua, kama haliwezi kupanuliwa, basi literemshwe. Msanifu alikuwa ameshachomoa penseli, anachora mbio. Wageni na wapangaji walisikiliza, Kinyozi akakaa chini, na mama fundi akaendelea kusema kuliko alivyowahi kusema mumewe katika kikao chochote. Hakushukuru mtu.

*

Walihamia chini kabla rangi haijakauka vizuri. Meza walibeba Kinyozi na Mwalimu. Cherehani Katibu alikataa asisaidiwe. Aliikumbatia kifuani na kichwa chake kizito cha chuma, isiyo na kitambaa wala maua, akaanza kushuka ngazi akipumua kama treni, na mkewe mbele yake na kikapu cha nyuzi. Hawakuwa wanaongea sana siku hizo. Chumba cha dirisha pana walikipita, simu zikimetameta ndani yake kwenye mwanga wote ule, na mkewe hakugeuza shingo. Katibu ndiye aliyeligeuzia shingo. Alijua atalipita dirisha lile kila siku ya maisha yake.

"Pumzika, utaanguka na mashine yangu," alisema mkewe.

"Sijachoka."

Mkewe alitangulia kufungua mlango. Katibu alibaki chini, kando ya ngazi, mgongo ukutani, akitafuta pumzi. Mwanamke mmoja alikuwa anataka kupanda, mfuko wa kitambaa ameubana kwapani chini ya mtandio, akitazama huku na huku. Alimfahamu. Alikuwa mteja wa zamani, yule mnene wa gauni la pini.

"Katibu," mwanamke alinong'ona, "shikamoo. Yule bibi wa juu, yupo?"

Mle ngazini mafundi wa rangi walikuwa wanapita, na muuza simu alikuwa amesimama mlangoni kwake na wateja. Katibu hakunong'ona.

"Fundi amehamia chini," alisema, kwa sauti yake ya kikao. "Pita moja kwa moja mpaka uani, mlango wa nyuma. Mwambie umeelekezwa na mume wake."